Mwachie ashike chupa yake ya maji

Mama anayelea mtoto mwenye selimundu hulala usingizi wa mang'amung'amu. Shuleni huomba mwanawe asicheze. Nyumbani humvisha sweta hata jua likiwaka. Hofu hiyo ina sababu: baridi, kiu na uchovu huweza kuamsha maumivu makali. Lakini mtoto wa miaka 10 anaweza kufundishwa kunywa maji mara kwa mara, kupumzika akichoka na kusema mapema mwili ukianza kuuma. Kazi ya mzazi haiishi: dawa, kliniki, na kumkimbiza hospitali homa inapopanda. Mengine amwachie mtoto kidogo kidogo. Siku moja maumivu yataanza mama akiwa kazini, na wa kwanza kujua la kufanya atakuwa mtoto mwenyewe. Akishalizoea hilo, moyo wa mama nao hutulia.