Chuma na Kutu Mpakani Gisenyi

Ukitoka Musanze kuelekea magharibi, barabara huteremka hadi Ziwa Kivu linapojitokeza, na hapo ndipo ulipo Gisenyi, mji wa Wilaya ya Rubavu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya mpaka ni Goma, na juu yake Mlima Nyiragongo. Wageni wengi hukimbilia ufukweni. Sisi tulikwenda kwenye kizuizi kidogo cha mpakani, kutazama baiskeli za magurudumu 3 ambazo kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamevushia mizigo.

Mwenye chombo huketi mbele, wasaidizi husukuma, na nyuma yake hurundikwa magunia. Fremu ni mabomba ya chuma cha kawaida yaliyochomelewa na kupakwa rangi. Pale rangi ilipobanduka, kutu imekwisha ingia. Fremu ikivunjika, mtu huyo amepoteza riziki yake na miguu yake kwa pamoja.

Mwenzangu, fundi mstaafu wa karakana ya jeshi, alitaka kujua kwa nini vyombo hivi visiundwe kwa chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria. Hoja yake si ya kupuuzwa, kwani moshi wa Nyiragongo hutia asidi katika mvua ya vijiji vilivyo karibu nao. Swali hilo hilo huwasumbua watu wa Ulaya na Marekani wanaojiundia nyumbani nakala za magari ya spoti, kama vile Lotus Seven ya 1957.

Chuma hicho kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, nayo hufanya utando mwembamba unaokikinga. Lakini kazi ya fremu ni kubeba mzigo bila kunyumbuka, na katika hilo hakishindi chuma cha kawaida. Kikipata moto hutanuka zaidi, hivyo fremu hupindika mikononi mwa fundi. Kukiunga vizuri kwataka gesi ya argoni. Kikiungwa ovyo, kutu huanzia pale pale kwenye kiungo. Tena ni ghali. Hata gari la DeLorean, lililoundwa Ireland ya Kaskazini kuanzia 1981 na kusifiwa kwa bodi yake ya chuma hicho, lilikaa juu ya chasi ya chuma cha kawaida iliyofunikwa kwa epoksi. Epoksi ilipopasuka, kutu ilitafuna chini yake bila kuonekana.

Mchomeleaji mmoja wa kando ya njia alimsikiliza afande wetu kwa adabu, kisha akamjibu kwamba chuma cha kawaida kikivunjika hata huko Goma, kila mwenye mashine ya umeme ataweza kukiunga kabla ya jua kutua. Mwenzangu alinyamaza. Halafu aliinama, akagonga bomba la chini kwa kidole, akauliza maji yaliyoingia ndani hutokea wapi. Tundu la kuyatolea halikuwapo. Mchomeleaji akaenda kuchukua keekee.