Gobore la dola 380

Najua nimepotea. Wiki tatu nzima sijaandika kitu humu, na wengine mmeanza kunitumia ujumbe mkiuliza kama nimefukuzwa chuo. Jibu ni hapana, ila nilikaribia. Kaeni vizuri basi, maana kisa chenyewe ni kirefu na mwenye makosa ni mimi mwenyewe.

Si mnajua muhula huu nasoma ile kozi ya mbinu za kufundishia historia? Profesa wetu alitupeleka Gettysburg, ambako ni mwendo mfupi tu kwa basi kutoka hapa chuoni. Ndipo walipopigana Wamarekani wenyewe kwa wenyewe tarehe 1 hadi 3 Julai, mwaka 1863. Kwa siku tatu hizo watu zaidi ya 45,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Sasa pale tukakuta wazee wamevaa makoti ya sufu na jua linawaka, kila mmoja na bunduki ndefu begani. Mimi na ushamba wangu nikamsogelea mmoja nikamuuliza: hiyo bunduki ni ya kweli?

Akacheka. Akaniambia, "Ni ya kweli, ila si ya zamani."

Jibu hilo ndilo lililoniponza.

Huyo bwana ni mwalimu mstaafu, alifundisha historia shule ya sekondari maisha yake yote. Humu nitamwita Mzee tu. Mwenyewe anataka nimwite kwa jina lake la kwanza kama desturi yao, lakini mdomo wangu umegoma kabisa. Nilipomwambia nasomea ualimu akafurahi, akanikaribisha kwake siku ya Jumamosi kuona mkusanyiko wake. Jamani, ukuta mzima! Springfield ya mwaka 1861, Enfield ya mwaka 1853, bastola za Colt, zote zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Na kweli zimetoka dukani, kwa sababu ni nakala. Zile za asili bei yake haishikiki, na ukiwa nayo unaogopa hata kuigusa. Kwa hiyo wapenzi wa mambo haya hununua nakala mpya iliyotengenezwa kwa vipimo vilevile.

Sikujua kama hii ni biashara kubwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, Val Forgett, aliona kuwa miaka mia moja ya vita ile inakaribia na watu watataka silaha za namna hiyo. Akaenda Italia, kwenye mji wa Gardone ulioko katika bonde la Trompia, akatafuta mafundi wa kumtengenezea nakala za bastola ya Colt ya mwaka 1851. Mji huo ni wa mafundi wa bunduki tangu zamani sana. Kampuni ya Beretta iko huko tangu mwaka 1526. Mpaka leo nakala nyingi nzuri zinatoka eneo hilohilo, kwa akina Pedersoli, Uberti na Pietta.

Na sheria? Hapo ndipo nilipojidanganya, kwa hiyo someni vizuri. Kwa sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na nakala ya bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomoni, haihesabiwi kuwa silaha ya moto kama zile nyingine. Kwa sheria hiyo ya taifa unaweza kuiagiza ikaletwa mlangoni kama viatu. Majimbo mengine yana masharti yao zaidi. Sisi wageni wa viza ya masomo kwa kawaida haturuhusiwi kumiliki bunduki za kisasa, lakini nakala kama hii haimo katika katazo hilo. Mimi nilipolisikia hilo tu, masikio yakaziba. Mengine sikuyasikia.

Mzee alinifundisha mambo matatu ya kununua, na nawapa bure. La kwanza, tazama mtutu kabla ya kutazama urembo. Bunduki ya Italia hujaribiwa na ofisi ya serikali kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida, ikipona inagongwa mhuri, na kando yake huwa na herufi mbili ndani ya kisanduku kuonyesha mwaka. La pili, soma maandishi yote. Pameandikwa jina la aliyeitengeneza na kwamba ni ya baruti nyeusi tu. Ukiweka baruti ya kisasa umejiua. La tatu, ukikuta nakala ambayo mihuri yake imesuguliwa kwa msasa na chuma kimepakwa dawa kionekane kikuukuu, jiulize kwa nini. Wapo wanaofanya hivyo ili wapendeze kwenye maigizo ya vita, sawa. Lakini wapo wanaofanya hivyo ili wakuuzie nakala ya juzi kwa bei ya bunduki ya mwaka 1861. Mzee mwenyewe aliwahi kulizwa, na hiyo bunduki ameitundika chooni ili asisahau. Kwi kwi kwi!

Basi bwana, mwezi uliofuata akanipeleka kwenye maonyesho. Ukumbi mzima ni meza na bunduki. Nilikuwa napita tu, kama mtu anayepita mbele ya duka la simu akiwa hana hela. Mara nikasimama. Mezani pamelala bunduki ya gumegume, ndefu, ya mtindo wa majeshi ya Uingereza ya zamani, ile wanayoiita Brown Bess. Kwenye bamba la mtambo pamechorwa taji, na nyuma yake neno moja: TOWER.

Nikahisi kama nimepigwa kofi.

Babu yangu alikuwa na gobore. Kijijini kwetu Sikonge, mkoa wa Tabora, lilikaa darini limefungwa kwa gunia, na alilitoa nguruwe mwitu walipovamia mahindi. Ubavuni lilikuwa na bamba la chuma lenye taji na herufi. Kaka yangu, wakati huo yuko darasa la tatu, alisoma kwa kujiamini kabisa: "To-we-ri." Babu akamsahihisha, "Hiyo ni Tawa. Ndivyo alivyoniambia baba yangu." Babu hakujua kusoma, lakini hilo alilijua. Nilipoingia darasa la pili gobore halikuwepo tena. Watoto tuliambiwa limepelekwa serikalini, mjadala ukafungwa.

Kumbe Tawa ni Tower, ile ngome ya London ambako bunduki za jeshi zilikuwa zikikusanywa na kukaguliwa. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, zile kuukuu zikauzwa kwa wafanyabiashara, na nyingi zikaletwa kwetu. Meli za Wamarekani kutoka Salem zilileta Zanzibar kitambaa cha merikani, baruti na bunduki, zikaondoka na pembe za ndovu. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia bara kila mwaka. Njia kuu ya misafara ilipita Tabora. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa rugaruga wenye bunduki za namna hiyo. Kisha mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya wakakubaliana huko Brussels kuwa Mwafrika asiuziwe bunduki za kisasa, lakini za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliachiwa mlango kwa masharti. Ndiyo maana babu zetu walibaki na magobore wakati wenzao wana mizinga ya rashasha.

Haya yote nilikuwa nayajua kwa ajili ya mtihani. Sasa yamelala mezani, yana bei. Dola 380.

Muuzaji hakunificha. Akasema imetengenezwa India, ndiyo maana ni rahisi. Ya Italia ingezidi dola 1,000. Haina mhuri wa majaribio, na lile tundu dogo la kupitishia moto kwenye mtutu halijatobolewa, kwa hiyo ilivyo ni pambo tu. Akaongeza kuwa jamaa wa meza ya pili anaweza kulitoboa kwa dola 20, dakika tano tu. Mzee akanivuta pembeni. "Inunue kama unaipenda. Usiitoboe. Ukitaka ya kupiga, subiri upate yenye mhuri." Nikaitika. Moyoni nikasema tutaona. Nilitaka kusikia ule mlio. Nilitaka kunusa ile harufu ya baruti ya shambani kwa Babu.

Hela ilikuwa ya kuosha vyombo mgahawani hapa chuoni, miezi minne, mikono imechubuka. Nikalipa.

Sasa makosa yangu. Mzee alidhani nitaiacha kwake. Mimi nikaizungushia blanketi, nikaipandisha chumbani bwenini, nikaisukuma chini ya kitanda. Nilijiambia kisheria si silaha. Sikufungua kile kitabu cha kanuni za bweni tulichopewa siku ya kwanza, ambacho kinasema wazi kuwa silaha zote ni marufuku, na nakala za silaha pia. Sheria ya nchi ni moja na kanuni za nyumba uliyopanga ni nyingine. Hilo hata mpangaji wa Manzese analijua.

Jumanne usiku mwenzangu wa chumbani alidondosha chaja ikaingia uvunguni. Akainama kuitafuta, akakutana na mtutu. Simlaumu. Nchi hii wanafunzi wamepigwa risasi madarasani, na yeye amekua akifanya mazoezi ya kujificha chini ya dawati kama sisi tulivyofanya mchakamchaka. Akatoka kimya kimya, akapiga simu.

Nilikuwa maktaba. Narudi, nakuta askari wa chuo wawili mlangoni. "Weka mikono tuione." Jamani. Mimi kijana mweusi, mgeni, lafudhi yangu ndiyo hii, najaribu kueleza habari za gobore la Babu huku mikono iko juu. Kiingereza chote kiliniruka. Nilichokumbuka ni kusema "historia, historia" kama kasuku. Askari mmoja, mtu mzima, akaivuta, akaitazama, akasema haijatobolewa. Akashusha pumzi. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kutetemeka.

Wakaichukua. Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kwa siku tisa sikujua kama nitabaki au nitarudi Tabora nikiwa na begi na aibu. Chuo kikikufukuza, na viza imekwenda. Mzee alikuja kunitetea akiwa amevaa tai. Nikapewa onyo la maandishi, na nikatakiwa kumwomba radhi mwenzangu. Hilo la mwisho nililifanya kabla ya kuambiwa.

Usiku ule nikampigia Baba. Nilikuwa sijamwambia chochote.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea anifokee. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "Umeipiga?"

"Bado. Haijatobolewa."

"Usiitoboe. Unamkumbuka Baba Mkubwa?"

Namkumbukaje tena, wakati kila likizo tulikuwa kwake? Baba Mkubwa ana jicho moja. Tangu utotoni tunajua ni mwiba wa porini. Baba akasema haukuwa mwiba. Ni gobore. Ile Tawa ilikuwa bamba na mtambo tu, ndivyo vitu vya zamani vilivyobaki. Mtutu wenyewe ulikuwa umekufa kitambo, na Babu alimpa fundi wa kijijini aweke mwingine. Akaweka bomba la maji. Lilifanya kazi miaka mingi, kisha siku moja Baba Mkubwa akalishindilia kwa ajili ya nguruwe, na bomba likapasuka pale karibu na shavu lake. Babu alilipeleka kituoni mwenyewe, kwa miguu, na hakutaka litajwe tena nyumbani.

"Sisi tuliona aibu," Baba akasema. "Wewe ni mwalimu. Waambie watoto kilichotokea."

Kwa hiyo wadau, lile gobore nililolilia miaka yote nalo lilikuwa nakala. Jina la zamani, mtutu usiojaribiwa na mtu yeyote. Na mimi nimevuka bahari, nimeosha sahani miezi minne, nikanunua lilelile.

Walipoirudisha nikaiacha kwa Mzee. Kwenye somo langu la majaribio sikwenda na bunduki, maana shuleni ndiyo hairuhusiwi kabisa. Nilipeleka kipande cha merikani, jiwe la gumegume na ramani ya njia ya Bagamoyo mpaka Tabora. Nikawasimulia wanafunzi habari za jicho la Baba Mkubwa. Hakuna aliyechezea simu.

Jumamosi iliyopita Mzee aliniuzia kwa jamaa mmoja anayetaka pambo la ukutani. Tulimwandikia kwenye karatasi kwamba ni ya India, haina mhuri, na isitobolewe. Tumepata dola 300. Hasara ya 80, hesabuni kuwa ni ada ya shule. Nusu nimemtumia Baba Mkubwa. Akanipigia kunishukuru, akauliza mvua huku zikoje, nikamwambia huku ni theluji, akacheka sana. Hakuuliza hela ni za nini, na mimi sikusema. Likizo nikija nitamwambia ana kwa ana.

Haya, wiki ijayo mtihani wa saikolojia ya elimu, na sijafungua hata ukurasa. Niombeeni. Na kile kitabu cha kanuni za bweni, kisomeni leo.