Chuma, figo na kiherehere changu

Haya wadau, nimepotea wiki mbili, msinishambulie. Boom halijatoka, test zimefululiza, lakini sababu hasa ni mamdogo wangu wa Tanga.

Mwaka jana alitolewa figo ya kushoto. Saratani. Ilikuwa ile aina ya seli angavu, ambayo ni kama asilimia 75 ya saratani zote za figo za watu wazima. Seli zake zimejaa mafuta na sukari ya akiba. Maabara wakiandaa sampuli, hivyo vyote huoshwa vikatoka, basi kwenye darubini unaona seli nyeupee, kama vyumba vilivyohamwa.

Sasa huku darasani tumefika kwenye lisosomu. Form Six tulikariri kwamba ni jalala la seli, tukapata maksi, tukasahau. Kumbe de Duve, yule Mbelgiji aliyeipa jina mwaka 1955, alitufungulia mambo makubwa. Mimi naifananisha na wale jamaa wa vyuma chakavu. Seli huhifadhi chuma ndani ya protini iitwayo feritini. Kikihitajika, feritini inapelekwa kwenye lisosomu, inavunjwavunjwa mle kwenye asidi, chuma kinatoka kikafanye kazi. Na seli ya saratani ina njaa ya chuma kwelikweli, maana bila chuma haitengenezi DNA ya kugawanyika. Kuna hata saratani za figo, chache, ambazo zinaanza pale jeni ya TFE3 inapokatika na kuunganika na jeni nyingine. TFE3 ni mmoja wa mabosi wanaoamuru lisosomu zitengenezwe!

Hapo ndipo kiherehere kikanipanda. Mamdogo alikuwa anameza vidonge vya chuma, damu yake ilikuwa chini. Nikampigia palepale kimbwetani.

"Shikamoo mamdogo. Hivyo vidonge acha, vinalisha ugonjwa."

Akaniamini. Si mwanawe yuko chuo bwana.

Siku ya nne baba mdogo ananipigia: mamdogo kapanda ngazi, kaishia kukaa chini, moyo unamwenda mbio. Hospitali daktari akauliza nani kamwambia aache dawa. Hakunitaja.

Nikarudi kwenye desa na aibu zangu. Kurasa mbili tu mbele: chuma kikizidi ndani ya seli, mafuta ya utando wake yanaharibika na seli inakufa. Kifo hicho kilipewa jina mwaka 2012, feroptosisi. Na seli angavu za figo, kwa mafuta yale, ni miongoni mwa zinazokufa hivyo kirahisi. Yaani kuna watafiti wanaotaka kuzinyima chuma, na wengine wanataka kiziue. Wote wanahangaika na seli za maabara na panya. Tena chuma cha kidonge hakikimbilii kwenye uvimbe, mwili unakipima kwanza kuanzia utumboni. Halafu uvimbe wenyewe ulishatolewa, mimi nilikuwa nanyima njaa ya nani?

Jana nimempigia kumwomba radhi. Amecheka, akasema vidonge vinamfunga choo ila anameza. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia ndiyo.

Test ya lisosomu ni kesho saa mbili.