Wimbo Niliouimba Bila Kuuelewa

Mwaka 1995, nikiwa kidato cha tano katika shule ya bweni, mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo na kaseti aliyoinasa redioni. Ndani yake ulikuwamo wimbo wa "Zombie" wa bendi ya The Cranberries kutoka Ayalandi. Gitaa zilikuwa nzito, na juu yake ilipaa sauti ya mwanamke aliyekuwa kama analia na kukemea kwa pumzi moja. Kiingereza chetu hakikutosha kuyafuata maneno yake. Mjuzi wa bweni alitutangazia kwamba zombi ni msukule, nasi tukaridhika: wimbo wa misukule. Tuliuimba mpaka betri zikaisha.

Nimeupenda wimbo huo kwa takriban miaka thelathini, na sehemu ya kwanza ya mapenzi hayo ilikuwa ya ujinga. Naandika leo kwa sababu naona wanafunzi wangu wakiuimba vilevile, na kwa sababu kuna deni ninalodaiwa nalo.

Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993, katika mji wa Warrington nchini Uingereza, mabomu mawili yaliyotegwa na IRA ndani ya mapipa ya taka yalilipuka kwenye mtaa wa maduka. Siku iliyofuata ilikuwa Siku ya Akina Mama, na watu walikuwa wamejaa madukani. Mtoto wa miaka 3 aliuawa papo hapo. Mwingine wa miaka 12 akafariki siku tano baadaye. IRA ilidai kupigania ukombozi wa taifa la Waayalandi. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries, alikuwa Mwayalandi na Mkatoliki, mzaliwa wa kijiji cha Ballybricken katika jimbo la Limerick. Alikuwa na umri wa miaka 21. Akatunga wimbo wa kusema kwamba mauaji yale hayakufanywa kwa niaba yake wala ya jamaa zake. Wimbo ulitoka Septemba 1994, wiki chache baada ya IRA kutangaza kusitisha mapigano.

Kumbe mjuzi wetu wa bweni hakukosea sana. Msukule, kwa imani za kwetu, ni mtu aliyenyang'anywa akili yake akawa anatumikishwa na mwingine. Ndivyo ninavyowaelewa wale anaowaimba Dolores: watu wanaotumikishwa na chuki kongwe, wakiua kwa amri ya marehemu wa mwaka 1916.

Maana hiyo niliipata kwa gharama. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano asubuhi, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulilipuliwa, na wa Nairobi vilevile. Walikufa watu 11 hapa kwetu na zaidi ya 200 Nairobi, wengi wao Waafrika waliokuwa kazini au njiani. Waliotega mabomu walidai kuwatetea Waislamu. Mimi ni Mwislamu. Jioni ile, kwenye baraza ya kahawa karibu na kwa mjomba wangu, mzee mmoja alisema kwamba Wamarekani wamepata dawa yao. Baadhi waliitikia kwa kichwa. Nilijua kwamba waliolala mochwari ni watu wetu, Waislamu wenzangu wakiwamo. Niliinamia kikombe changu nikanyamaza.

Siku nane baadaye redio ikatangaza bomu jingine, safari hii Omagh, Ayalandi ya Kaskazini, lililoua watu 29. Lilitegwa na kundi lililojitenga na IRA kwa kuyakataa mapatano ya amani. Usiku huo niliitafuta kaseti ya zamani, nikausikiliza wimbo kwa mara ya kwanza. Msichana aliyekuwa karibu rika langu alikuwa ametamka mbele ya dunia neno lililonishinda kulitamka mbele ya wazee sita.

Wapo wanaoupinga wimbo huu, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2023, mashabiki wa raga wa Ayalandi walipouimba kwa maelfu baada ya kuifunga Afrika Kusini 13 kwa 8 kwenye Kombe la Dunia kule Ufaransa, baadhi ya Waayalandi walihoji: nani aliwaimbia waandamanaji 13 waliouawa kwa risasi za askari wa Uingereza mjini Derry tarehe 30 Januari 1972? Swali ni la haki. Lakini dawa ya kilio kilichobagua ni kuongeza kilio, si kukifuta kilichopo. Isitoshe, kumkemea wa kwako ndiko kugumu zaidi. Kumkemea adui hakuhitaji ujasiri.

Dolores alifariki London tarehe 15 Januari 2018, akiwa na umri wa miaka 46. Wenzake watatu walikamilisha albamu ya mwisho kwa sauti alizoziacha, kisha wakalistaafisha jina la bendi. Agosti ya mwaka huohuo, Limerick walipotwaa ubingwa wa mchezo wao wa jadi wa magongo baada ya kuungoja miaka 45, uwanja wa Croke Park uliimba "Dreams", wimbo wake mwingine. Watu wake hawakumsahau.

Nasi tulio mbali tumuenzi kwa namna inayotufaa. Ndugu msomaji, kila mmoja wetu ana kundi linalozungumza kwa niaba yake: chama, dini, kabila, taifa. Siku kundi hilo litakapohalalisha damu ya asiye na hatia, utakuwapo barazani, na kikombe kitakuwa mbele yako. Mzee yule alikwisha kufariki. Sikumjibu, na sasa siwezi tena.