Zege Lililonyanyuliwa na Maji

Vipande vingi vya daraja tulivyovikuta ndani ya Ziwa Pontchartrain, Septemba 2005, vilikuwa vizima. Miaka ishirini imepita na hilo bado linanikaa moyoni. Boriti zilikuwa hazijakatika, na kwenye vile vilivyolala nusu nje ya maji ungeweza kuona mistari ya rangi ya barabarani. Kila kipande kilikuwa na urefu wa futi 65, karibu mita 20, na uzito wa zaidi ya tani 200. Bahari ilivitoa juu ya nguzo zake ikaviweka kando, na nguzo zikabaki zimesimama wima, vichwa vitupu, zikifuatana hadi macho yanapoishia.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Wakati ule nilikuwa naishi Louisiana, nikapata kibarua cha upimaji katika kikosi kimoja kilichopelekwa kulifufua daraja hilo. Tulizunguka kwa boti kutoka nguzo hadi nguzo, tukiandika kila kipande kimesogea kiasi gani na kimeelekea upande gani.

Lilikuwa daraja pacha la barabara kuu ya I-10, lililojengwa miaka ya 1960, lenye urefu wa karibu kilomita 9 kutoka Slidell hadi upande wa mashariki wa New Orleans. Pontchartrain huitwa ziwa, lakini limeungana na Ghuba ya Meksiko kwa mikondo, na maji yake yana chumvi. Kimbunga Katrina kilipoingia nchi kavu tarehe 29 Agosti, upepo uliisukuma bahari ndani ya ziwa hilo, na upande wetu wa kaskazini-mashariki maji yakapanda futi 12 na zaidi. Juu ya maji hayo yaliyokwisha kupanda ndipo mawimbi yalipokuja. Vipande 64 vilizama, na vingine zaidi ya 400 vilisogea vikabaki vimening'inia au vimekaa mshazari.

Karibu na Slidell daraja lilikuwa na mgongo, sehemu iliyoinuliwa ili vyombo vipite chini yake. Tulipofika pale hapakuwa na cha kupima. Zege lilikuwa lilelile, la miaka ileile, limekaa juu ya nguzo kwa mtindo uleule, lakini hakuna kipande kilichosogea. Tulivyokuwa tukishuka kuelekea sehemu za chini, namba katika daftari zilianza kukua: inchi chache, kisha futi, kisha pengo tupu. Sijawahi kuona somo la uhandisi lililoandikwa waziwazi namna ile. Daraja lilikuwa limejipima lenyewe.

Mhandisi mmoja mtu mzima ndiye aliyenieleza, tumekaa juu ya tishari tukisubiri kreni. Zege lina uzito wa takriban mara mbili na nusu ya maji, kwa hiyo likizama tu linapoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Chini ya sitaha ya daraja kuna boriti ndefu, na kati yake zimepita kuta fupi za kuzifunga pamoja, hivyo panakuwa na vyumba vilivyo wazi kwa chini tu. Maji yakipanda haraka, hewa iliyomo haina pa kutokea. Pindua sufuria uizamishe kwenye beseni, utaona inavyokataa kwenda chini. Kipande cha tani mia mbili na kitu kinakuwa kimebakiwa na uzito mdogo mno, halafu wimbi linakuja na kukipiga kutoka chini. Kinanyanyuka kidogo, wimbi linakisukuma, kinatua. Wimbi lingine linarudia. Walioijenga barabara ile walikuwa wameutegemea uzito wa zege kukiweka mahali pake, na vishikizo vya chuma vilivyokuwepo vilikuwa vidogo sana kwa mzigo wa kunyanyuliwa.

Ninachokasirikia hadi leo ni kwamba jambo hili lilikuwa linajulikana. Kimbunga Camille kilipiga pwani ya Mississippi mwaka 1969 na kuharibu madaraja, na kufikia mwaka 1978 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi alikuwa amekwisha kuchapisha majaribio juu ya nguvu za mawimbi kwa madaraja ya aina hiyohiyo. Septemba 2004 kimbunga Ivan kilibomoa vipande vya I-10 hiyohiyo juu ya Ghuba ya Escambia, Florida, na dereva wa lori akafa pale. Haukupita mwaka mzima Katrina ikaja. Siku hiyohiyo, mbali na letu, madaraja ya barabara ya US 90 ya Biloxi na Bay St. Louis nayo yaling'olewa. Mwongozo rasmi wa kitaifa wa kubuni madaraja dhidi ya mawimbi ya dhoruba ulitoka mwaka 2008.

Kazi yenyewe ilikwenda mbio. Vipande vizima vya upande mmoja vilihamishwa kuziba mapengo ya upande wa pili, na Oktoba 14 magari yakaanza kupita, njia moja kwenda na moja kurudi. Upande uliobaki ulizibwa kwa madaraja ya muda ya chuma, ukafunguliwa Januari 2006. Daraja jipya liligharimu karibu dola milioni 800. Lilianza kutumika 2009 na kukamilika 2011, na sehemu kubwa yake iko futi 30 juu ya maji, futi 21 zaidi ya lile la zamani. Nililipita nikiwa abiria tu, nikachungulia chini nikafurahi kuona maji yako mbali.

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, mpwa wangu anayesomea uhandisi alinipigia simu. Yale yalikuwa maji ya mvua yaliyotoka bara, si mawimbi, lakini mazungumzo yalihamia Louisiana.

"Shikamoo mjomba. Kwa nini wasingevifunga tu vile vipande kwa nyaya nene?"

"Marahaba. Ukikifunga kipande, ile nguvu ya kukinyanyua inakwenda wapi?"

Alinyamaza, kisha akasema: "Kwenye nguzo."

Nikamwambia hapo ndipo penye kazi. Kipande kilichoanguka hubadilishwa ndani ya wiki kadhaa, kama tulivyofanya sisi, lakini nguzo iliyong'olewa au kuvunjika chini ya matope ni kazi ya miaka. Kwa daraja la zamani lisiloweza kuinuliwa, waweza kutoboa matundu kwenye sitaha ili hewa itoke. Waweza pia kujenga vizuizi vya zege kwenye vichwa vya nguzo ili kipande kisiteleze pembeni, na ukikifunga, ufunge kwa kipimo ambacho nguzo zinakimudu. Kwa daraja jipya, anza na kimo, na kimo hicho kihesabiwe kuanzia kilele cha wimbi likiwa juu ya maji yaliyokwisha kupanda. Aliniomba nimtumie zile hesabu za mwongozo wa 2008, nikamtumia usiku uleule.