Msimbo Ulihama, Majina Yakabaki

Ukihama keja Nairobi, unaona kazi yote ni pikapu tu. Unapakia godoro, meko na ndoo, unamlipa dereva, imeisha hiyo. Halafu jioni ya kwanza mtaa mpya huna pesa ya sukuma, ndipo unakumbuka: mama mboga aliyekuwa akikukopesha hakuingia kwenye pikapu.

Hivyo ndivyo tulivyohamisha kamusi yetu ya Sheng.

Ni programu huria ndogo. Tuko watatu na hakuna anayelipwa. Tovuti iliyokuwa ikihifadhi mradi ilikuwa imetuchosha, kila siku sheria mpya. Ijumaa moja usiku tukanunua bando, tukahama. Dakika kumi tu! Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mtu nakala nzima ya msimbo pamoja na historia yake: nani alibadilisha nini, na lini. Unaisukuma kwenye seva mpya, basi. Tukashangilia kama goli la dakika ya 90. Akaunti ya zamani tukaifuta.

Jumatatu msee mmoja akauliza kwa WhatsApp: "Na yale maelezo yangu yako wapi?"

Huyu si programa. Ni makanga. Neno jipya likianza kusikika kwenye laini yake, alikuwa anatuandikia maana yake na nani wanalitumia, sisi tunaliingiza. Maneno yake yalikuwepo. Jina lake halikuwepo popote. Git ilitujua sisi watatu tu, kwa sababu sisi ndio tulibonyeza kibodi. Maelezo yake na mabishano yetu naye yalikuwa kwenye ukurasa wa ripoti na maombi wa ile tovuti. Ukurasa huo haumo ndani ya Git. Tuliufuta kwa mikono yetu wenyewe.

Wakubwa wanalijua hili. Python, lugha ambayo wengi wetu tulianza nayo, ilihamishia msimbo wake GitHub mwaka 2017. Ripoti za makosa zilifuata 2022. Miaka mitano baadaye! Mle ndani ndimo mlimo sababu: kwa nini kitu kiko hivi, na nani alikigundua.

Manze, tunaheshimu sana mkono ulioandika na kusahau mdomo uliosema. Siku hizi mazungumzo yote tunayaweka ndani ya mradi, faili za maandishi tu, na kila neno lina jina la aliyelileta. Tukihama tena, ya zamani haifutwi mpaka mpya ikaguliwe na mtu ambaye si programa.

Makanga tulimwomba msamaha. Jina lake sasa ndilo la kwanza kwenye orodha ya wachangiaji. Tulikaa naye steji akatusimulia upya, lakini mengine ameshayasahau.

Hayo hatutayapata tena. Na wewe, mradi wako ukihama leo usiku, nani atabaki nyuma?