Jina la mtumaji si kitambulisho

Radio ya jamii yenye anwani ya barua pepe hupokea ujumbe wa aina mbili. Kuna ujumbe wa watu: mama aliyekimbilia Nakivale, Uganda, anauliza habari za mtoto aliyepotezana naye njiani kutoka Rutshuru, kijana wa Nyarugusu, Tanzania, anasalimia wazazi waliobaki Fizi. Na kuna barua taka: kazi zisizokuwepo, safari ya Canada kwa dola 50, zawadi ya bahati nasibu ambayo hakuna aliyeicheza.

Wanaosumbuliwa huuliza: kwa nini fundi asimfungie huyo mtumaji? Anaweza. Kwenye seva inayotumia Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotolewa mwaka 1998, fundi anaandika anwani ya mtumaji katika faili na pembeni yake neno REJECT. Kisha anapitisha amri ya postmap na kuiagiza seva isome faili hiyo kwa check_sender_access. Tangu hapo, barua yenye anwani ile inakataliwa mlangoni, kabla haijala mega za ofisi.

Lakini anwani si kitambulisho. Kanuni za kupeleka barua pepe alizoandika Jonathan Postel mwaka 1982 hazikumdai mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Tena barua moja ina majina mawili: la kwenye bahasha, ambalo seva inalisoma, na la ndani, ambalo msomaji analiona. Si lazima yafanane. Fundi anaweza kufungia jina aliloliona na barua ikaingia tena kesho. Kwa hiyo aangalie kwanza kumbukumbu za seva, ajue bahasha ilibeba jina gani. Hata hivyo, tapeli akinyang'anywa jina moja, huvaa lingine.

Hatari kubwa zaidi inakuja pale fundi anapochoka, akafungia gmail.com yote. Hapo amemzuia tapeli mmoja pamoja na familia nyingi, maana wote wanapita mlango huo mmoja. Akiandika DISCARD mahali pa REJECT, anaharibu zaidi: seva inajibu kwamba barua imepokelewa, kisha inaitupa kimya. Mama wa Nakivale atasubiri wiki nzima akidhani amepuuzwa, au kwamba mtoto hayupo tena. Kwa REJECT, angalau barua inarudi na taarifa. Anaweza kupiga simu au kumtuma mwingine.

Kazi nzuri basi ni ya uangalifu. Fungia anwani moja uliyo na hakika nayo, si mlango mzima. Weka ukaguzi wa SPF, ambao unauliza kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa na mwenye jina la bahasha. Na orodha ya waliofungiwa ipitiwe mara kwa mara, kwa sababu anwani ya ndugu inaweza kuibwa leo na kurudishwa kwa mwenyewe kesho.

Hakuna orodha inayozuia taka zote, na nyingine zitawafikia wasikilizaji kwenye simu zao. Hapo kinga ni kujua jambo moja: huduma za HCR ni za bure. Anayedai pesa ili aandikishe familia au aipeleke nchi nyingine ni tapeli, hata barua yake ikiwa na jina la HCR juu yake.